Blanketi Jekundu la Mzee Keya

Phelesia alikuwa na tabia moja iliyonikera: hakukubali kushindwa, hata na kitu kidogo. Samaki wake akianguka vumbini alimwosha, akamrudisha mezani na kumweka juu ya wenzake wote. Mteja akisema samaki ananuka, alimshika mkono, akamvuta, akamnusisha mmoja baada ya mwingine mpaka yule maskini anunue ili aachiliwe aende zake. Mimi niliuza wimbi na tumbaku kando yake katika soko la Migori. Kwa kuwa mimi ni Mkuria na yeye Mjaluo, tuliongea Kiswahili. Changu kilikuwa kizuri maana marehemu mume wangu alikuwa polisi. Chake kilikuwa cha kuuzia samaki tu. Kijaluo nilikielewa, soko linafundisha masikio, lakini mdomo wangu ulikataa kukisema. Naitwa Matiko. Habari hii si ya ukoo wangu na sikupata hata punje kutoka kwayo, ndiyo maana naweza kuisimulia bila kutoa machozi.

Phelesia alikuwa mjane wa James. James alikufa kwa homa ya matumbo akamwachia wana watatu wa kiume na shamba la mteremkoni, juu kidogo ya mto. Shamba lile lilikuwa limefunguliwa na babake James, mzee ambaye kila mtu alimwita Keya. Keya si jina la mtu. Ndivyo watu wetu walivyoliita jeshi la zamani la Waingereza, na askari wake wakaitwa vivyo hivyo. Yule mzee alifika Suna, upande huu wetu wa Migori, baada ya vita vile vya kwanza vya Wajerumani, amevaa kaptura ya jeshi, na shingoni ana kisahani cha bati kilichochongwa namba. Akaomba mahali. Wenyeji wakampokea vizuri. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nao wakampa jembe, wakamwonyesha kilima kilichojaa mawe. Aliyatoa mawe yale mpaka alipokufa.

Mtu wa namna hiyo Wajaluo wanamwita jadak, na wakiwa wengi ni jodak: mtu anayekaa kwenye ardhi ya ukoo usio wake. Analima, anaoa, anazika, anachangia harusi za wenyeji, na hakuna anayemsumbua. Lakini wakiwa kwenye pombe, mmoja akikasirika, ndipo atakumbushwa.

Keya hakusema alikotoka. Mkewe alimuuliza, hakusema. James alimuuliza, akatumwa akatafute ng'ombe ambao hawakuwa wamepotea. Phelesia alipoolewa pale alimkuta mkwewe mpole, mkimya, mtu wa kunywa siku za soko tu, na siku hizo akilewa alikuwa akisema, "Msinisumbue, mimi nilishakufa zamani." Watu walicheka. Walisema vita vilimwachia kichwa kibovu.

Kisa kimoja Phelesia alinisimulia mara nyingi kwa sababu kilimchekesha. Alipokuwa bi harusi alipanda nyuma ya nyumba mche wa yago, ule mti ambao matunda yake yananing'inia marefu na mazito kama mchi wa kutwangia. Matunda yale ni dawa. Mche ukawa mti mdogo, ukamfika kifuani. Siku moja Keya akatoka sokoni amelewa, akauona kama vile hakuwahi kuuona, akachukua shoka. Aliukata vipande vipande huku akiupigia kelele: "Blanketi langu jekundu umelichukua! Sasa umenifuata mpaka huku unataka nini?" Kesho yake hakutaka kuzungumzia jambo hilo. Phelesia akinisimulia aliigiza sauti ya mzee na kukata hewa kwa kisu cha samaki, nasi tulicheka mpaka wateja wakatuogopa.

Mwaka wa 1968 watu wa kupima ardhi wakafika upande ule. Walitanguliwa na kamati ya wazee wa ukoo, kila shamba likatajwa la nani lipate kuandikwa jina. Mwenyekiti alikuwa Mzee Dishon, na sitamsingizia, alikuwa mtu mwema. Alimwita Phelesia mbele ya kamati yote, nami nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimempelekea ungo wake.

"Mwanangu, hatukuchukii," alisema. "Babu yangu ndiye aliyempa Keya mahali. Lakini sasa ardhi inaandikwa, na ikishaandikwa haiandikwi tena. Tukiwapa jodak, watoto wetu watalima wapi? Vuna mtama wako kwa amani, halafu uwapeleke wanao kwao."

"Kwao ni wapi, mzee?"

"Ni kule alikotoka Keya."

"Na Keya alitoka wapi?"

Mzee Dishon akajikuna shingo. "Hilo ungemuuliza yeye alipokuwa hai. Mkataa kwao mtumwa."

Phelesia akaondoka. Kesho yake sokoni alifika kwangu na uso mkavu, akakaa, akaanza kupanga samaki wakubwa kwa wadogo bila kutazama anachofanya. Kwa wazazi wake ni Karungu, lakini mtoto wa kiume hapewi shamba kwa wajomba. Atapewa uji na maneno. Wanawe watatu walikuwa wamefika umri wa kuoa. Mtama ukivunwa hawangekuwa na mahali pa kusimamisha hata nguzo moja.

"Matiko," akasema, "wewe unajua Kiswahili cha ofisi."

"Ninakijua. Kwani?"

Akatoa kwenye kikapu kifuniko cha kibuyu cha maziwa. Kisahani cha Keya ndicho kilichokuwa kishikio chake. Alikifunga kwa kamba tangu mzee alipokufa, na watoto wote watatu walikua wakikivuta ili wanywe. Namba zilikuwa bado zinaonekana.

"Serikali haimpi mtu namba bila kumwandika mahali," akasema. "Nataka kujua imemwandika wapi."

Niliona ni upuuzi. Nilimwambia hivyo. Lakini siku ya pili yake nilikuwa naye Homa Bay, natafuta kivuli nje ya ofisi za wilaya na kujilaumu kwa kuwa na moyo mlaini.

Karani aliyekuwa na makaratasi ya zamani aliitwa Ombui, kijana Mkisii mwenye shati lililopigwa pasi kali. Alitutazama, akatazama kifuniko cha kibuyu, akasema turudi wiki ijayo. Basi nikamsalimia kwa Kikuria. Kikuria na Kikisii ni ndugu wa tumbo moja; asiyetaka kuelewa lazima ajifanye kiziwi. Akacheka akanijibu. Kumbe bibi yake mzaa mama alitoka upande wetu, karibu na Isebania.

"Basi mimi ni bibi yako," nikamwambia. "Na bibi haambiwi arudi wiki ijayo."

"Bibi, makaratasi ya Keya yamekaa tangu Homa Bay haijawa makao ya wilaya. Yaliletwa na lori kutoka Kisii. Mchwa wamekula mengi."

"Tafuta yale waliyobakiza."

Alitueleza kwamba baada ya vita vile jeshi lilituma kwa kila wilaya majina ya askari wake, nani amerudi, nani hakurudi, ili machifu wawape watu wao habari. Akaingia nyuma. Tulikaa kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi. Phelesia alishika kile kifuniko kwa mikono miwili. Ombui aliporudi alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na alikuwa anatabasamu.

"Nimempata. Namba ni hii hii. Jina lake ni Agutu. Ametoka Karachuonyo, chini ya Mlima Homa, na boma limetajwa kwa jina la babake." Akasoma lile jina la boma. Phelesia akalirudia polepole. Kisha Ombui akasogeza macho kwenye mstari, na tabasamu likaondoka. "Lakini huyu amekufa."

"Tunajua," nikamwambia. "Huyu mama ndiye aliyepika kwenye matanga yake."

"Matanga ya mwaka gani?"

Phelesia akasema, nami nikatafsiri: mwaka ule wa njaa, katikati ya vita vya pili, alipokuwa na mimba ya kifungua mimba wake.

"Hapana, bibi. Hapa alikufa mwaka wa kumi na saba, hospitali ya jeshi huko Lindi. Kuhara damu."

Nilipomwambia Phelesia, alimtazama karani kama anavyomtazama mteja mwongo. "Mwambie aliyekufa kumi na saba hawezi kumzaa mume wangu ishirini na moja."

"Ndivyo nisemavyo na mimi," Ombui akajibu kwa upole. "Bibi, usikasirike. Huenda mkwewe hakuwa Agutu. Vitani watu waliwavua maiti viatu, makoti, na hata namba. Huenda aliiokota tu. Au..."

Sikutaka kulitafsiri hilo. Lakini Phelesia alikuwa amenitazama usoni.

"Amesema mwizi?" Kiswahili cha kuuzia samaki kina neno hilo.

Tulilala kwa mwanamke mmoja aliyenunua samaki kwetu. Nikamwambia Phelesia turudi nyumbani. Nilimwambia wazi, bila kumficha: kama Keya alimvua maiti namba yake, basi hata hicho kidogo tulichopata ni cha mtu mwingine, na tukienda kwa watu wale tutafukuzwa kama mbwa. Alikuwa amelala kifudifudi. Akasema, "Mkwe wangu alitoa mawe kwenye kilima kizima. Mwizi hatoi mawe." Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, na asubuhi akatangulia barabarani kabla sijavaa viatu.

Boma lile halikuwa gumu kulipata. Mlima Homa unauona popote, na jina la baba likishajulikana kila mwenye punda atakuelekeza. Tulikuta ua wa minyaa mnene uliozunguka nyumba nne, na langoni mtu wa karibu miaka hamsini akitengeneza mpini wa jembe. Alikuwa Cephas, mzee wa kanisa la Wasabato, mwenye adabu mpaka unaona aibu. Alitupa viti, alitupa maji, aliuliza habari za Migori. Mlangoni mwa jiko alikaa mamake, bibi kizee mwembamba aitwaye Orpah, akipepeta wimbi. Alitusalimia, akaendelea kupepeta.

Phelesia alieleza yote kwa Kijaluo: Keya, shamba, kamati, kisahani, na aliyosoma karani. Alipotaja jina la Agutu, Cephas aliweka mpini chini.

"Agutu ni baba yangu," akasema.

Masikini Phelesia, alisimama! Alitaka kumkumbatia. "Basi wewe ni ndugu wa James wangu!"

"Kaa, mama. Baba yangu alikufa Lindi. Chifu mwenyewe alileta habari. Njoo nikuonyeshe alipo."

Akatupeleka upande wa pili wa nyumba ya bibi, hatua chache tu kutoka jikoni. Kulikuwa na kaburi la zamani, kilima kidogo cha udongo kilichozungushiwa mawe, na kuanzia hapo mpaka kwenye ua kulikuwa na kipande kizuri cha ardhi chenye majani tu. Hakikuwa kimelimwa. Nikamuuliza Cephas kwa Kiswahili, "Kama alikufa Lindi, humu mlizika nini?"

"Yago," akanijibu.

Hapa nieleze, maana mimi pia ilibidi nielezwe. Mjaluo akifia mbali na mwili usipatikane, watu wake hawawezi kumwacha hivyo hivyo bila kaburi. Wanachukua tunda la yago, wanalilaza nyumbani, wanalilia, wanalizika kama wanavyomzika mtu. Kuanzia hapo yule mtu amekufa kabisa, na watu wa boma lile walishikilia kwamba hata akitokea akiwa mzima asipite tena langoni, ataleta mauti nyumbani. Mjane wake naye anachukuliwa na ndugu wa marehemu, na watoto anaozaa hawaitwi wa yule ndugu. Wanaitwa wa marehemu, na ardhi ya marehemu ni yao. Cephas alizaliwa hivyo. Sisi Wakuria tuna ya kwetu, sitamcheka mtu.

"Kwa hiyo mama," Cephas akamwambia Phelesia, bila ukali, "sikatai kwamba mlikuwa na mzee. Lakini si huyu. Uliipeleka namba yako serikalini kwa mkono wako mwenyewe, na serikali yenyewe imekuambia mwenye namba amekufa. Mzee wenu aliitoa kwa maiti ya baba yangu. Mungu amsamehe."

Lakini Phelesia hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amelikazia macho lile kaburi, kisha akanigeukia, na mimi nikajua anachofikiri.

"Yago," akasema. "Matiko, yago!"

Akamwelekea Cephas na kumsimulia habari ya mche wake. Safari hii hakuigiza, na hakuna aliyecheka. Alisema tu: mkwe wangu alikuwa mpole, hakupiga hata mbuzi, lakini mti huo aliukata kwa shoka, akauuliza mbona umechukua blanketi langu jekundu, na mbona umenifuata mpaka huku.

Ungo wa Orpah ukanyamaza.

"Rudia," bibi akasema kutoka mlangoni.

"Alisema, blanketi langu jekundu umelichukua."

Orpah akainuka, wimbi likamwagika lote, kuku wakaja mbio. Alitembea mpaka kaburini akashika jiwe moja ili asianguke.

"Blanketi lile alipewa na wazungu siku aliyoandikwa," akasema. "Akaniachia. Na habari ya kifo ilipokuja sikuwa na maiti ya kufunika, basi nikalifunika tunda. Kwa mikono yangu hii. Nililizika na blanketi lake jekundu, watu wa hapa wakaona. Ng'ambo ya mlima huu hakuna anayejua. Huyo mtu wenu aliambiwa na nani?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Aliambiwa hapa! Alirudi. Alifika, akakutana na mchungaji wa ng'ombe huko chini, akamuuliza habari za nyumbani, naye akamwambia Agutu tulimzika, mkewe yuko kwa ndugu yake. Nawe Cephas nilikuwa nimekubeba mgongoni!" Sauti ikapanda. "Alifika, akageuka! Yawa! Nilinyoa kichwa changu. Nilivaa kaptura yake nikazunguka nayo nikilia, watoto wakinicheka. Miaka yote hii mimi mjane, ninaombewa kanisani, kumbe mtu yuko Migori anakunywa pombe!"

"Siku za soko tu, mama," Phelesia akasema.

"Kwa nini hakuingia?"

Cephas akasema polepole, "Aliyezikwa hapiti langoni, mama. Alijua."

"Lango! Nani alimwambia apite langoni? Si angetoboa ua!"

Alilia, na hakulia kwa huzuni tu. Alilia kwa hasira, akilipiga lile jiwe kwa kiganja. Mimi na Phelesia tulisimama pale kama watu waliovunja chungu kwenye nyumba ya wenyewe. Cephas alimwacha mpaka akatulia, kisha akachuchumaa mbele yake. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mama, fikiri kabla hujasema neno la mwisho. Ukisema alikuwa hai, basi ulichukuliwa na ndugu yake, yeye angali hai. Ulikuwa mke wa mtu. Na mimi basi ni mtoto wa nani? Ninalima ardhi ya nani?"

Hapo nikaona kisu kilivyo na makali pande mbili. Bibi akisema ndiye, wana wa Phelesia wana kwao, na mwanawe mwenyewe anakosa baba akiwa na mvi kichwani. Akisema siye, Cephas anabaki na jina lake, na Phelesia anarudi Migori kuvuna mtama na kufunga mizigo. Ni mtu gani atakayemkana mtoto wake kwa ajili ya muuza samaki aliyekuja asubuhi? Nilijua jibu. Nikaanza kufunga leso yangu kiunoni kwa safari. Phelesia hakufunga kitu. Alikaa chini kwenye majani, kifuniko cha kibuyu mapajani, akangoja.

Orpah akapangusa pua kwa pindo la nguo.

"Cephas. Baba yako ni nani?"

"Agutu, mama."

"Alikufa lini?"

"Kumi na saba."

"Na wewe ulizaliwa lini?"

"Kumi na tisa."

"Kanisani unaandikwa mwana wa nani? Kwa chifu?"

"Wa Agutu."

"Kuna mtu aliyewahi kukucheka, akakuambia maiti hazai?"

"Hapana. Ndiyo desturi yetu."

"Haya. Serikali imesema amekufa, na mimi nilimzika, sirudi nyuma. Amekufa. Lakini kama Agutu akiwa maiti aliweza kukuzaa wewe hapa Homa, ni nani atakayemkataza kumzaa James kule Migori?"

Mimi nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka peke yangu kaburini kwa watu, mpaka Phelesia akanifinya. Halafu Cephas naye mabega yakaanza kumtikisika, akajifunika uso kwa mikono, na sijui mpaka leo alikuwa anacheka au la. Hata Ombui na madaftari yake yote asingepata pa kulishika neno lile.

"Mmeingia kwa lango kama wageni," Orpah akamwambia Phelesia. "Tokeni. Cephas, leta panga."

Cephas alitoboa ua karibu na lile kaburi, utomvu wa minyaa ukimrukia mikononi. Tukazunguka nje, na Phelesia akaingia kwa lile tundu akiinama, kisahani cha mkwewe mkononi. Mimi Orpah akaniambia nipite langoni, kwa sababu mimi nilikuwa na kwetu.

Yaliyofuata nitayamaliza upesi. Cephas hakuutoa ule upande wa kaburini kwa shangwe. Alinung'unika, aliita wazee, alisema majani yale yalikuwa ya ndama wake. Lakini aliutoa. Ndio ule ambao Orpah hakuruhusu ulimwe tangu mazishi. Mtama wa Phelesia ulipovunwa, Mzee Dishon mwenyewe alileta vijana wa kubeba mabati na nguzo, akamwaga machozi mengi kuliko mtu yeyote, na kesho yake wakaandika shamba lile jina lingine. Sasa hivi mahali pa Phelesia sokoni pana mtu wa kuuza sabuni. Hamnusishi mtu chochote, na sina la kuongea naye.

Ila siku ile, tulipoondoka, Orpah alitusindikiza mpaka njia kubwa ingawa miguu ilimuuma. Tulikuwa tumekula, jua limeshaanza kupoa. Alitembea katikati yetu, kisha akamuuliza Phelesia bila kumtazama, "Alikuwa akinitaja?"

Namjua Phelesia. Kwa mteja angesema uongo wa kujaza kikapu, akaapa juu yake. Nilitamani aseme mmoja tu, mdogo. Akashindwa.

"Hapana, mama. Hata siku moja. Ni lile blanketi tu."

Bibi akaendelea kutembea. Tulifika barabarani, tukasimama, akatazama upande ambao gari lingetokea.

"Lilikuwa moja," akasema. "Tulijifunika wawili. Basi alinitaja, mpumbavu yule."